Chuo cha shahada ya kwanza Marekani kina uzito gani ukiomba udaktari? Binti ana nafasi tatu mezani

Babu_Kiborloni (Moshi)

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo wa wanaoijua njia hii kwa undani.

Binti yetu anamalizia IB (diploma ya kimataifa ya sekondari) hapa Moshi, mitihani ni Mei. Masomo ya kiwango cha juu ni baiolojia, kemia na hisabati. Anataka udaktari, na hilo halina mjadala tena. Ana nafasi tatu:

1. Chuo kidogo Marekani, wanafunzi kama 2,000, jina ambalo hapa mjini hakuna anayelijua. Ufadhili unafunika ada, chumba na chakula.
2. Chuo kikuu cha Marekani chenye jina kubwa. Ufadhili upo, ila linabaki pengo la dola 18,000 kwa mwaka, na hilo ni letu.
3. Kubaki nyumbani na kuomba MD, yaani shahada ya udaktari, pale KCMC matokeo yakitoka.

Kwenye kikao cha familia watu wamegawanyika. Wako wanaosema jina ndilo linalofungua mlango wa chuo cha udaktari, kwa hiyo tuuze kiwanja cha Uru aende kwenye chuo kikubwa. Wengine wanasema chuo ni chuo. Maswali yangu: kamati za udaktari kule zinaliangalia jina kwa kiasi gani? Na kwa mtoto mwenye pasi ya Tanzania kuna jambo ambalo hatulioni? Jibu linatakiwa kabla ya tarehe 1 Mei.

---

Karanga_Juu

Shikamoo mzee. Kiwanja kiacheni kwanza.

Kwa ambao hawaujui mfumo: Marekani mtu haingii udaktari akitokea sekondari. Anasoma shahada ya kwanza miaka minne, kisha chuo cha udaktari miaka minne, kisha mafunzo ya ubingwa miaka 3 hadi 7 kutegemea fani. Shahada ya kwanza inaweza kuwa ya chochote, hata historia, mradi amepitia masomo yanayodaiwa: baiolojia mwaka mmoja na maabara yake, kemia ya jumla mwaka mmoja na maabara, kemia ogania na maabara, fizikia na maabara, halafu biokemia, takwimu na Kiingereza cha uandishi. Kila chuo cha udaktari kina orodha yake, lakini hayo ndiyo yanayojirudia.

Maombi ya vyuo vingi yanapitia AMCAS, mfumo mmoja wa pamoja. Wanachokitazama kwanza ni GPA na alama za mtihani wa MCAT. Walioanza masomo mwaka 2023 walikuwa na wastani wa GPA 3.77 na MCAT 511.7, wakati mtihani wenyewe unaanzia 472 na kuishia 528. Baada ya namba hizo ndipo wanasoma barua za walimu, kazi za hospitali, utafiti na usaili. Jina la chuo limo, na vyuo binafsi vya udaktari vinalizingatia zaidi kuliko vya majimbo, lakini halimwokoi mwenye GPA ya 3.3.

Hapa kwenye GPA ndipo wengi wanapoumia, maana AMCAS haichukui GPA iliyochapwa kwenye transkripti. Inahesabu upya yenyewe, kozi moja moja, na inatoa namba mbili: ya masomo yote, na ya baiolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake.

Chukua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye krediti 32, kati ya hizo 16 ni za sayansi na hisabati. Amepata A kila mahali isipokuwa kozi moja ya kemia ya krediti 4 ambako kapata C. A ni pointi 4, C ni pointi 2. Jumla ni (28 × 4) + (4 × 2) = 120, gawanya kwa 32 unapata 3.75. Si mbaya. Sasa chukua sayansi peke yake: (12 × 4) + (4 × 2) = 56, gawanya kwa 16 unapata 3.50. C moja tu.

Anairudia ile kozi mwaka unaofuata na kupata A. Vyuo vingine vinafuta C na kuweka A, kwa hiyo kwenye karatasi yake mwaka wa kwanza unasomeka 4.00 na nyumbani mnachinja. AMCAS haifuti. Inahesabu majaribio yote mawili, na sayansi inakuwa 72 kwa 20, yaani 3.60. Kuanzia hapo kila hatua ya kupanda inataka krediti nyingi za A.

Kwa hiyo swali la jina ligeuzeni: ni chuo gani kati ya hivi viwili ambapo binti huyu ana uwezekano mkubwa wa kupata A kwenye kemia ogania na biokemia? Kwenye vyuo vikubwa kemia ya mwaka wa kwanza huweza kuwa na wanafunzi 300 ukumbini, na alama zinapangwa kwa kulinganisha wanafunzi wao kwa wao. Ukiwa na 78 na wastani wa darasa ni 80, umepata B au B- ingawa umeelewa. Na waliokaa pembeni yako walikuwa wa kwanza kwenye shule zao, kila mmoja. Chuo kidogo darasa ni watu 20 au 30, mwalimu mwenyewe ndiye yuko maabara, na ukianza kuyumba wiki ya tatu anakuita ofisini.

Hilo linagusa barua pia. Vyuo vya udaktari kwa kawaida vinataka barua mbili za walimu wa sayansi na moja ya mwalimu wa somo lisilo sayansi. Kwenye ukumbi wa 300 anayemjua mwanafunzi ni msaidizi wa maabara, ambaye mwenyewe bado anasoma, na barua yake haina uzito wa barua ya profesa. Profesa ataandika "alipata A- kwenye kozi yangu", basi. Barua ya namna hiyo haimharibii mtu wala haimsaidii.

MCAT ina sehemu nne, kila moja alama 118 hadi 132. Tatu ni za sayansi, mojawapo ikiwa saikolojia na sosholojia, ambayo mtu wa PCB hajawahi kuigusa. Ya nne ni ya kusoma vifungu vya falsafa, sanaa, siasa na kujibu kwa hoja. Hiyo haina cha kukariri, na ndiyo inayowashusha sana waliokulia Kiswahili. Dawa yake ni miaka ya kusoma na kuandika sana, ambayo vyuo vidogo vinalazimisha hata kwa watu wa sayansi.

Kwa maelezo haya tu, namba 1 inanipendeza kuliko namba 2. Ila sijagusa uraia, na hapo ndipo penye kazi. Waje wanaolijua vizuri.

---

Sakina_Kwa_Iddi (Arusha)

Naunga mkono sehemu kubwa, lakini mkuu Karanga_Juu umelishusha jina mno.

Ni kweli vyuo vyenye majina vinaonyesha asilimia kubwa ya waombaji wao kuingia udaktari. Sehemu ya hiyo ni kwa sababu vilichukua watoto wenye uwezo tangu mwanzo. Wangefaulu hata wangesoma kwingine. Lakini hata ukiondoa hilo, faida ya jina inabaki. Chuo kikubwa chenye hospitali yake ya kufundishia kinampa mwanafunzi maabara za utafiti ng'ambo ya barabara, madaktari wa kuwafuata wodini, na nafasi ya kujitolea hospitali bila gari. Chuo kidogo kikiwa katikati ya mashamba, hospitali ya karibu ni dakika 40 na hakuna basi. Mwanafunzi wa kutoka huku hana gari wala leseni. Ulizeni hilo kabla ya kuuliza lolote.

La pili, msidanganyike na asilimia za chuo kidogo nazo. Kuna vyuo vinajitangaza kwamba 85 au 90 kwa mia ya waombaji wao wa udaktari hupokelewa. Angalia inavyopatikana. Chuo kina kamati inayoandika barua moja ya pamoja kwa kila mwombaji. Mwenye GPA ya chini kamati inamwambia haitamwandikia, au inamshauri asubiri. Asiye na barua ya kamati wakati chuo chake kinayo, anaulizwa kwa nini hana. Anakata tamaa, haombi, na hahesabiwi. Waliobaki ni wale waliochujwa tayari. Halafu wengine wanajumlisha vyuo vya visiwa vya Karibi ambavyo vinapokea karibu kila mwenye pesa.

Maswali ya kuwaandikia, kwa barua pepe ili majibu yabaki kwenye maandishi:

Kati ya walioanza mwaka wa kwanza wakisema wanataka udaktari, wangapi walifika hatua ya kuomba?

Kamati inamwandikia kila anayeomba, au kuna kiwango cha GPA?

Asilimia mnayotangaza ni ya walioomba mara ya kwanza, au hata aliyerudia mara tatu yumo? Ni vyuo vya Marekani peke yake?

Wanafunzi wenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi mgeni, siyo wakazi wa kudumu, wangapi waliomba udaktari miaka mitano iliyopita na wangapi waliingia?

Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kwenu. Ofisi nyingi zitajibu "wachache" au "hatuna takwimu", na hilo nalo ni jibu.

---

Babu_Kiborloni

Marahaba Karanga_Juu, na asante Sakina. Nimeandika yote. Hili la F-1 linanitia wasiwasi. Tatizo ni nini hasa? Si akiwa na shahada yao anahesabika kama wao?

---

Njiro_Block_D (Arusha)

Hapana mzee, hahesabiki hivyo, na kwa kweli hili lilistahili kuwa jibu la kwanza kwenye uzi huu.

Vyuo vya udaktari vya Marekani vilivyo vingi havipokei kabisa mwombaji asiye raia au mkazi wa kudumu. Vya majimbo ndiyo usiseme, vinalipwa na kodi za wakazi na vinawapendelea wakazi. Vinavyopokea wageni ni sehemu ndogo, vingi ni binafsi na vyenye ushindani mkali: Harvard, Yale, Johns Hopkins, Duke na wenzao. Kila mwaka wanaanza udaktari zaidi ya watu 20,000, na wageni humo hawafiki asilimia 2. Kwa hiyo wastani wa 3.77 na 511.7 ni wa wenyeji. Mgeni alenge 3.85 na MCAT 517 kwenda juu ili afikiriwe tu. Orodha ya nani anapokea wageni ipo kwenye MSAR, hifadhidata ya AAMC (jumuiya ya vyuo vya udaktari Marekani) yenye taarifa za kila chuo. Kuna malipo kidogo ya mwaka, na yanastahili.

Sasa pesa. Mikopo ya serikali yao mgeni hapati. Vyuo kadhaa vinavyopokea wageni vinataka uthibitisho wa fedha, na vingine vinataka ada ya mwaka mzima, au hata ya miaka yote minne, iwekwe kwenye akaunti ya amana kabla hajaanza. Ada ya chuo binafsi cha udaktari ni dola 60,000 hadi 70,000 kwa mwaka, bila chumba wala chakula. Vichache vinatoa ufadhili kwa mgeni kwa kuangalia uhitaji, na hivyo ndivyo vya kuwinda. Na kwa kuwa binti anatoka IB Moshi: kama anategemea mfuko wa Davis wa wahitimu wa UWC (mtandao wa shule za kimataifa), ujue unahusu shahada ya kwanza. Hauendi naye kwenye udaktari.

Rudi kwenye namba 2. Dola 18,000 mara miaka minne ni 72,000. Dola ikiwa shilingi 2,500 hiyo ni milioni 180, na mwisho wa yote mnapata shahada ya baiolojia tu. Udaktari bado haujaanza. Kama kiwanja kina thamani hiyo, kikiwepo bado mwaka wa nne kinaweza kuwa tofauti ya kuweka amana na kutoweka.

Kuna vikwazo vingine vya mgeni ambavyo uchaguzi wa chuo unaweza kuvipunguza.

Utafiti wa kiangazi. Programu za REU zinazolipwa na mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani ni za raia na wakazi wa kudumu tu. Nyingi zinazolipwa na taasisi yao ya afya zina sharti hilo hilo. Kwa hiyo ulizeni: chuo kina fedha zake chenyewe za utafiti wa kiangazi, na mgeni anaruhusiwa kuziomba? Chuo kidogo chenye mfuko mnono hapa kinaweza kukishinda chuo kikubwa.

Kazi. F-1 inaruhusu saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa masomo. Wenzake Wamarekani watafanya kazi za kulipwa kwenye gari la wagonjwa au nyumba za wazee ili kupata saa za kuhudumia wagonjwa. Yeye akilipwa nje ya chuo bila kibali anavunja masharti ya viza. Anabaki na kujitolea, kufuata madaktari wakiwa kazini, na baada ya kuhitimu mwaka mmoja wa OPT (kibali cha kufanya kazi inayohusiana na shahada), pamoja na nyongeza ya miezi 24 kama shahada yake iko kwenye orodha ya sayansi. Baiolojia na kemia zimo. Mwaka huo wa OPT kwenye utafiti wa hospitali ndio unaowajenga wageni wengi.

Likizo akirudi nyumbani, KCMC, Mawenzi au Mount Meru zinafaa, lakini aombe ruhusa ya maandishi na abaki mtazamaji. Kuna wanaorudi Marekani wakiandika kwenye maombi kwamba walishona vidonda au kuzalisha wakiwa mwaka wa pili wa shahada. Wanadhani ni sifa. Kamati inasoma kwamba mtu huyu aligusa wagonjwa bila kufundishwa kwa sababu wagonjwa ni Waafrika maskini, na faili linafungwa.

Jambo dogo la vitendo: hospitali za kule zinadai kipimo cha kifua kikuu kabla ya kumruhusu anayejitolea. Aliyechanjwa BCG utotoni anaweza kuvimba kwenye kipimo cha ngozi ingawa hana ugonjwa, kisha anazungushwa picha za kifua na kliniki wiki kadhaa. Aombe kipimo cha damu cha IGRA tangu mwanzo, BCG haikivurugi. Na kadi ya chanjo, hasa ya homa ya ini B, aende nayo.

AMCAS ina punguzo la ada kwa wenye kipato kidogo, lakini mgeni wa F-1 hayumo. Chuo cha kwanza ni zaidi ya dola 170, kila kinachofuata zaidi ya 40, halafu kila chuo kinadai ada yake ya fomu ya pili. Ukiomba vyuo 20, tenga si chini ya dola 3,000 kabla ya nauli yoyote.

---

Mtoto_wa_Njoro

Kwa hiyo kwa ufupi aende Uingereza tu 😂 miaka mitano kwisha.

---

Njiro_Block_D

Uingereza nako mgeni ana idadi yake iliyowekewa ukomo kila chuo, na ada ya mgeni ya udaktari ni kubwa. Fungua uzi wako mdogo wangu.

---

PCB_Majengo (Moshi)

Shikamoo babu. Naona namba 3 imesahaulika, wakati kwa mtu anayetaka kuwa daktari, na siyo kuishi Marekani, ndiyo njia fupi kuliko zote.

MD hapa ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Mwaka wa sita yuko wodini na jina lake liko Baraza la Madaktari. Kule, mwaka wa sita ndiyo kwanza yuko mwaka wa pili wa chuo cha udaktari, kama aliingia. Na mabaya zaidi ni haya: akimaliza shahada ya baiolojia, asipate chuo cha udaktari, akarudi nyumbani na kuomba MD, anaanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita. Nne kujumlisha tano kujumlisha moja ni kumi.

Sifa za TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa MD ni principal tatu za fizikia, kemia na baiolojia, pointi zisizopungua 6, yaani angalau D kila somo. Hiyo ni ya kuruhusiwa kuomba, wanaochaguliwa wako juu zaidi. Na hapa babu kuna shimo: umesema binti ana baiolojia, kemia na hisabati. Fizikia iko wapi? Kwenye IB, kama hana fizikia kabisa, MD ya Tanzania inakwama hapo hapo. Kama anayo, hata kwa kiwango cha kawaida, nendeni NECTA mpate ulinganifu wa cheti cha IB, halafu waulizeni KCMC na TCU kwa maandishi kama kiwango hicho kinakubalika kama principal. Msisubiri matokeo ya Julai ndipo muanze kuuliza. Dirisha la maombi huwa fupi.

Kuhusu wanaosema "akisoma hapa Marekani ndiyo basi": si kweli. Aliyesoma MD kwenye chuo kilichomo kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya tiba na kinachokubalika na ECFMG, chombo cha Marekani kinachothibitisha madaktari waliosoma nje, anaweza kufanya USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya kule. Hatua ya 1 tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, haina alama. Hatua ya 2 ya maarifa ya kliniki ina alama, na hiyo ndiyo inayobeba maombi yote. Kuna OET ya Kiingereza cha kitabibu. Kisha anaingia kwenye mchakato wa kugawa nafasi za ubingwa ambao matokeo yake hutoka Machi. Waombaji wageni waliosoma nje, karibu sita kati ya kumi hupata nafasi, wengi kwenye tiba ya ndani, watoto na udaktari wa familia. Upasuaji wa ubongo ni kama usahau.

Kwa viza ya J-1, Wizara ya Afya ya nchi yake inatakiwa kuandika barua kwamba nchi inahitaji fani hiyo, na akimaliza anapaswa kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi. Ubingwa analipwa mshahara. Hakuna amana ya dola laki mbili na ushee.

Linganisha milango miwili. Mmoja: mamia machache ya wageni kwa mwaka wanaoingia chuo cha udaktari, tena kwa pesa yao. Mwingine: maelfu wanaoingia ubingwa wakiwa tayari madaktari. Na kwenye huo wa pili hakuna anayeuliza shahada ya kwanza ulisoma wapi, kwa sababu hukuisoma.

---

Karanga_Juu

PCB_Majengo umeona jambo la fizikia, mimi lilinipita. Inabadilisha hesabu nzima.

---

Sakina_Kwa_Iddi

Naongeza tahadhari upande wa pili. Akisoma udaktari Marekani na kurudi, shahada itapita TCU kutambuliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kusajili. Kama ataangukia vyuo vya osteopathia (tawi jingine la udaktari kule) vinavyotoa DO badala ya MD, baadhi vinapokea wageni kwa urahisi kidogo na mfumo wake wa maombi ni AACOMAS. Waulizeni Baraza kwa maandishi kabla ya kulipa chochote, maana siyo kila afisa hapa anazijua hizo herufi mbili.

---

Babu_Kiborloni

Nimerudi wakuu. Nimemuuliza binti. Fizikia anayo, kiwango cha kawaida. Baiolojia na kemia anategemea 6 au 7. Chuo kidogo kimemwandikia kwamba akipata 6 kwenye baiolojia na kemia watampa krediti na ataruka kozi za mwaka wa kwanza. Wazee wamefurahi, wanasema atamaliza mapema. Ni sawa?

---

Karanga_Juu

Wazee wasifurahi sana, hapo pana mtego.

Vyuo kadhaa vya udaktari havikubali krediti za IB kama mbadala wa masomo yanayodaiwa, au vinakubali kwa sharti kwamba mwanafunzi amesoma kozi za juu zaidi za somo hilo hilo chuoni. Akiruka baiolojia ya mwaka wa kwanza, lazima aonyeshe jenetiki, fiziolojia au baiolojia ya seli zenye maabara. Akiruka kemia ya jumla, ataingia kemia ogania mwaka wa kwanza akikaa na watu wa mwaka wa pili. Anaweza, ila C ya hapo mnakumbuka hesabu yake.

Ushauri wangu: kemia ya jumla airudie yote, hata kama anaijua. Ni A mbili za uhakika, maabara ya Kimarekani anaizoea, na profesa wa kwanza wa kumwandikia barua anapatikana hapo. Baiolojia anaweza kuruka moja akachukua ya juu. Krediti za hisabati atumie, lakini achukue takwimu chuoni. Fizikia aisome yote miezi tisa, kiwango cha kawaida cha IB hakitoshi kwa MCAT.

Mpangilio unaokaa vizuri ni huu. Mwaka wa kwanza: kemia ya jumla, baiolojia, kozi ya uandishi. Wa pili: kemia ogania, takwimu, saikolojia. Wa tatu: fizikia, biokemia muhula wa kwanza, sosholojia. MCAT anafanya Aprili au Mei ya mwaka wa tatu, majibu huchukua kama mwezi. AMCAS hufunguliwa Mei na kuanza kupokea mwisho wa Mei au mwanzoni mwa Juni. Atume wiki hizo za kwanza, kwa sababu vyuo vingi vinaita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyofika. Anayetuma Septemba anagombea viti vilivyobaki. Akitaka mwaka wa OPT kwanza, kila kitu kinasogea mwaka mmoja mbele, na kwa mgeni ndiyo ningeipendelea.

---

Njiro_Block_D

Nakubali yote isipokuwa fizikia mwaka wa tatu. Fizikia na biokemia na MCAT mwaka mmoja ni mzigo. Kama anachukua OPT, sawa. Kama hachukui mwaka huo, fizikia aihamishie mwaka wa pili na saikolojia aisome kiangazi hapo hapo chuoni kwake, siyo chuo kingine cha bei rahisi, ili asije kuhangaika na transkripti mbili. AMCAS inadai transkripti ya kila chuo alichokanyaga, hata kwa kozi moja, na ombi halihakikiwi mpaka zote zifike.

---

PCB_Majengo

Babu, kabla ya tarehe 1 Mei: wiki hii NECTA kwa ajili ya ulinganifu, na barua pepe KCMC kuhusu fizikia ya kiwango cha kawaida. Wakisema haikubaliki, namba 3 imejifuta na kikao chenu kina mawili tu ya kujadili. Wakisema inakubalika, namba 1 akubali kwa maandishi ili nafasi isipotee, na dirisha la TCU likifunguliwa aombe MD pia. Chuo cha Marekani kikitaka amana ya kuthibitisha, kiombeni kimsamehe malipo hayo kwa kuwa yuko kwenye ufadhili kamili. Vingi vinasamehe vikiombwa mapema.

---

Babu_Kiborloni

Nimepata. Kesho asubuhi nawaandikia KCMC, na yale maswali manne ya Sakina naya­tuma vyuo vyote viwili leo usiku. Majibu yakija nitayaweka hapa.